Bunduki Kwetu, Risasi kwa Bibi

Tulipofika Matrah, bandari ya Waarabu, kutoka Unguja, mwaka ule wa sitini na nne, ami yake baba alimpa baba bunduki kabla hajatupatia godoro. Mwanamume asiye na bunduki, alisema, watu watamdhania mgeni. Na baba alikuwa mgeni kweli, tena muuza vitambaa.

Mama hakutaka hata kuiona. Alikuwa ameona za kutosha mwezi wa Januari. Akatoa sharti: bunduki na risasi zisilale nyumba moja, ama sivyo yeye atalala kwingine. Basi bunduki ikatundikwa kwetu, tupu, juu kabisa, na risasi zikatiwa mkebeni kwa shangazi yake baba, nyumba ya nne kutoka kwetu, ambaye mimi nilimwita Bibi. Kila Ijumaa alasiri baba alizipitia, akaenda bondeni na ami yake kulenga mfupa wa bega la ngamia, kisha akazirudisha zilizobaki. Na alikuwa na shabaha! Aliyeshangaa zaidi ni yeye mwenyewe.

Tatizo lilikuwa Bibi. Kwake huingii ukatoka bila kahawa, na kabla ya kahawa unaulizwa habari. Mara ya kwanza alipomwuliza baba, "Shi ulum?", kuna habari gani, baba maskini akaanza kuzitoa: duka na nyumba tulivyoviacha Unguja, mdogo wake aliyebaki huko. Ami yake akamkanyaga mguu. Njiani akamfundisha kwamba jawabu ni moja tu: "Ma shay, kheri." Hakuna, kheri tupu. Mwenye shida yake huitaja baada ya kahawa. Baba alipenda adabu kupita kiasi, akaikariri.

Asubuhi moja mbwa mwenye kichaa akaingia uani kwetu, udenda unamtiririka. Nilikuwa na miaka tisa. Nilipanda mkunazi, miiba ikinichana, na jibwa likakaa chini linaniangalia. Niliogopa mpaka nikasahau kulia.

"Kimbia, kalete risasi!" mama alipiga kelele dirishani.

Baba alikimbia kweli. Mbio zake ziliishia mlangoni kwa Bibi.

"Shi ulum?"

"Ma shay," baba alisema, anahema, jasho linamtoka. "Kheri."

Akakaa. Tende zikaletwa. Akanywa kikombe cha kwanza, cha pili na cha tatu, kisha akakitikisa kikombe kama inavyotakiwa, kuonyesha ametosheka, ndipo akasema kwa upole kwamba, kama si taabu, anaomba risasi, kuna mbwa mwenye kichaa na mwanawe yuko juu ya mti.

Huku kwetu mama alishatafuta silaha yake. Tulikuja na mbuzi ya nazi kutoka Unguja, na Matrah nzima nazi hakuna. Aliinyanyua kwa mikono miwili, akaivurumisha kutoka dirishani, ikampata mbwa mgongoni. Mbwa akatoka mbio, na wanaume wa mtaa wakammaliza kwa mawe.

Baba aliporudi na risasi zake nilikuwa mapajani mwa mama, ananitoa miiba.

"Ulikuwa wapi?"

"Nliulizwa habari."

"Ukasemaje?"

Baba akatazama chini. "Nlisema hakuna."

Mama alicheka hadi akalia, kisha akalia tu. "Kazirudishe hizo," akasema.

Nilikwenda naye, nimemshika mkono. Bibi akauliza, "Shi ulum?" Baba akafungua kinywa kusema kheri, akaitazama miguu yangu iliyochanika, na habari zikamtoka zote, kwa Kiarabu chake cha kuokota na Kiswahili: mbwa, mti, duka, nyumba, mdogo wake ambaye hatujui kama yu hai. Kahawa ilipoa mkononi mwa Bibi, na kabla ya hapo sikuwahi kumwona akiiacha ipoe.

Tukarudi nyumbani. Mama akamwuliza risasi ziko wapi. Baba akapapasa mfukoni, kumbe bado alikuwa nazo.

Akageuka tena mpaka nyumba ya nne.

"Shi ulum?" Bibi aliuliza, kama hajamwona wiki nzima.

"Ma shay," baba alisema. "Kheri." Na safari hii hakuwa anasema uongo.