Wimbo Uliovuja Kabla ya Jumamosi

Dada yangu haamini mtu. Akinunua sukari kilo moja, akifika nyumbani anaipima upya kwa kikombe. Ni fundi cherehani, na chumba cha kushonea ndicho alichokigeuza studio: magauni ya wateja yametundikwa pande zote ili sauti isigonge ukuta, kipaza sauti kimefungwa kwenye shingo ya taa, kompyuta ya mtumba imekaa juu ya meza ya kukatia. Programu ya kurekodia alijifunza mwenyewe. Anaanza na gitaa, anaongeza ngoma, kisha anavaa hedifoni na kuimba juu yake, kiitikio kimoja hata mara arobaini.

Mwaka huu alitunga wimbo ambao hakutaka mtu ausikie mpaka Jumamosi atakapouweka mtandaoni. Kompyuta akaitia nywila. Mimi mdogo wake, ninayemkatia vitambaa, kila akitaka kurekodi alinituma kupeleka nguo kwa wateja. Niliudhika, sifichi.

Alhamisi mteja mmoja alikuja kujaribu sketi. Akawa anajigeuza mbele ya kioo huku akiimba chini chini. Dada akatoa pini mdomoni.

"Huo wimbo umeutoa wapi?"

"Si huu wa hapa mtaani? Hata wanangu wanauimba."

Dada alibadilika uso. Nywila ile aliijua mtu mmoja mwingine tu, mumewe, dereva wa lori, aliyeitumia kompyuta kuandikia barua zake. Jioni shemeji hajamaliza hata kuvua viatu, maswali yakamshukia.

"Umempa nani?"

"Nimempa nani nini, mke wangu?"

"Usijitie hujui!"

Alimpekua simu, ujumbe mmoja baada ya mwingine. Hakuona kitu, na hilo likamtia wasiwasi zaidi: kumbe anafuta! Akamwambia akalale kwa kaka yake mpaka atakapokuwa tayari kusema kweli. Shemeji alichukua begi lake akaondoka bila neno.

"Umeona?" dada akaniambia. "Asiye na kosa angepiga kelele."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaitikia kwa kichwa.

Ijumaa akanituma tena, lakini mteja sikumkuta, nikarudi mapema. Nilipofika uani nikasikia sauti ya dada ikitoka dirishani, lililo wazi kwa sababu ya joto. Hakuna gitaa, hakuna ngoma, ni koo lake tupu. Jirani aliyekuwa akianika nguo upande wa pili wa ukuta akaitikia bila kukosea neno. Ala zote zilikuwa masikioni mwa dada, naye hakujua anavyopaza. Miezi mitatu alikuwa akiufundisha mtaa mzima!

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha akaingia ubeti wa tatu, wa mume anayerudi safari akinukia sabuni ya nyumba nyingine. Kicheko kikanikauka.

Niliingia, nikamvua hedifoni, nikamweleza. Hakubisha. Alimpigia mumewe palepale, nami nikisikia.

"Nisamehe. Aliyeuvujisha ni mimi mwenyewe. Rudi nyumbani."

"Najua ni wewe," shemeji akajibu. "Nimeusikia tangu wiki ya kwanza. Kila nikirudi safari nilikuwa nasimama kwanza hapo nje, nisikilize kama umeshauondoa ule ubeti wangu."