Mama Vidonge na Mtu Anayemtazama Akimeza

Saa moja asubuhi, kwenye daraja lenye kizuizi cha magunia ya mchanga, mzee mmoja anameza vidonge vyake, anapanua mdomo na kuinua ulimi.

"Kimoja umekificha shavuni, babu. Unanichezea mimi?" anasema Mama Vidonge. Mzee anacheka, anameza.

Hiyo ndiyo kazi ya mhudumu huyu wa afya: kuwatazama wagonjwa wa kifua kikuu wakimeza dawa, kila siku, kwa miezi sita. Wako arobaini na watatu, kutoka ng'ambo zote mbili za mto zilizopigana miaka minne.

"Mwanzoni kila upande ulisema ni sumu ya wale wengine," anasimulia. "Nikawapanga wawili wawili, wa huku na wa kule. Dawa za kopo moja. Kama ni sumu, mnaondoka wote!"

Siku hizi baadhi yao wanaitana shemeji.

Wagonjwa wanapokwisha kumeza, Mama Vidonge anatoa mfukoni dawa zake mwenyewe. Aliambukizwa kazini, huu ni mwezi wa nne. Mwanamume mnene aliyeshika kadi anamsogelea.

"Haya, mama. Meza. Ulimi juu."

Anatii. Mwanamume anatia alama kwenye kadi.

"Huyu ndiye aliyechoma nyumba yangu," anasema Mama Vidonge, kama anayetaja saa. "Mume wangu alikuwamo."

Mwandishi wa makala haya anamgeukia mwanamume, akitumaini atakana.

"Ni kweli," anajibu, macho kwenye kadi.

Mwanamume huyo alikuwa mgonjwa wa Mama Vidonge. Mama alimtibu miezi sita bila kujua, na siku ya kidonge cha mwisho mwanamume akakiri.

"Wiki mbili sikutoka ndani. Wagonjwa tisa wakaacha dawa, mmoja akafa. Nikarudi," anasema Mama Vidonge.

Sasa kwa nini yeye ndiye anayemtazama akimeza, jamani?

"Ndugu zangu wana huruma. Nikisema nina kichefuchefu, wananiacha nilale. Huyu hathubutu kukosa hata siku moja."

Kwa hiyo amemsamehe?

"Nani kasema? Nimempa kazi."

Mwanamume huyo hajakanyaga ng'ambo ya Mama Vidonge tangu moto ule. Huishia hapa darajani. Lakini mama ana mpango wake.

"Kidonge cha mwisho nitakimezea kwenye kiwanja cha nyumba yangu. Avuke, aje anitazame pale."

Mwanamume anaikunja kadi, anaitia mfukoni.

"Saa ngapi?" anauliza.

"Saa ileile. Usichelewe."