Mdudu wa Shamba la Karanga

Buibui alikuwa hai bado. Nilimgusa kwa kijiti, mguu mmoja ukatetemeka kidogo, basi. Nyigu aliyemdunga alikuwa akimburuta kinyumenyume kwenye mchanga, akimpeleka shimoni, karibu na pale shangazi yangu alipoumwa.

Tulikuwa Ntalikwa tukivuna karanga. Shangazi alitia mkono chini ya shina, akapiga yowe.

"Mdudu!"

Kwetu neno hilo halimalizi habari. Nyoka naye huitwa mdudu, kwa kuwa watu hawapendi kumtaja wakati huenda yuko karibu.

"Mdudu gani, shangazi? Ana mabawa?"

"Mwanangu, mimi nilikuwa naangalia karanga!"

Jirani yake, mtani wake wa siku nyingi, alikuja mbio. "Ukifa leo, karanga zote zangu."

"Utazimenya mwenyewe, mchawi mkubwa we."

Jirani alicheka, lakini alikwenda kutafuta pikipiki bila kugeuka nyuma.

Wakati tunasubiri ndipo nikamwona nyigu. Mwili mweusi uliong'aa kibuluu, mabawa rangi ya kutu, vipapasio vimejikunja nchani, miguu ya nyuma mirefu yenye miiba. Hakutulia. Alikimbia, akatikisa mabawa, akarudi kwa windo lake. Wa namna hiyo niliwahi kuwaona njia ya Kipalapala, kwenye mchanga mkavu kama ule. Humtia buibui shimoni akiwa hai, humtagia yai moja, na funza akianguliwa humla taratibu. Mtu wakimdunga, maumivu ni makali mno, ila hayakai. Nikashusha pumzi, nikampiga picha kwa simu.

Kwenye zahanati muuguzi alimwamkia shangazi, akamchorea mstari wa kalamu pale uvimbe ulipokuwa umefika, chini kidogo ya kifundo cha mkono. Kisha akatazama picha yangu.

"Huyu namjua. Ulimwona akimdunga?"

"Hapana, sista. Nilimkuta hapo hapo."

"Bibi, wewe ulimwona?"

Shangazi alitikisa kichwa. Utani ulikuwa umemwisha.

Muuguzi aliikuza picha kwa vidole viwili, akanigeuzia simu. Nyuma ya nyigu, chini ya majani ya karanga, kulikuwa na shimo jingine, pana zaidi, mdomo wake umelainika kama kitu hupita hapo kila siku.

"Na humu anakaa nani?"

Niliutazama mkono wa shangazi. Uvimbe ulikuwa umeshavuka mstari.