Tope la Mtaa wa Sikukuu

Kumekucha Kariakoo. Tarsis Mlay amepiga magoti uani kwa Bi Nunu, Mtaa wa Sikukuu, mkono umezama mpaka kiwiko ndani ya pipa la mchanga na mkaa. Anapoutoa, tope limemganda vidoleni kama uji wa ulezi.

"Limeziba tena," anasema polepole.

Ni mara ya tatu tangu afunge pampu ya mkono na pipa hili la kuchujia maji ya kisima. Bi Nunu, mjane mwenye wapangaji nyumba nzima, ana lake moyoni: fundi analiziba mwenyewe ili aitwe tena. Amempa mpaka Ijumaa. Maji yasipotakata, pampu itang'olewa, na majirani waliokuwa wakingoja kuiona kazi yake watatafuta mwingine.

Tarsis ni mtu wa Kilema, Kilimanjaro. Alishuka pwani kwa lori, akafagia karakana za Gerezani huku macho yakiiba ufundi. Sasa hutoka Magomeni kwa miguu kutafuta kazi. Nyumba moja humpa shilingi nne, nyingine humpa ahadi.

Naye ana anayemshuku. Shaibu, mpangaji wa chumba cha mbele, huuza maji kwa mkokoteni, na tangu pampu ije, ua huu haununui kwake hata debe moja.

"Maji yangu hayana ufundi, bwana," Shaibu humchokoza akipita. "Yanamiminika tu."

Siku ya pili Tarsis anawahi zaidi, mlango wa ua ndiyo kwanza umefunguliwa. Anajibanza kando ya jiko, akimngoja Shaibu. Anayetoka ni Bi Nunu. Anasogeza mfuniko wa kisima, anatupa ndoo. Kiangazi kimekausha maji. Ndoo inagota chini, tope linapanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unanivizia nyumbani kwangu?"

Tarsis anauliza ndoo ya nini na pampu ipo. Bi Nunu anaitua ndoo.

"Ile ngozi ya kuvutia maji uliyoitia ndani ya pampu siijui ni ya mnyama gani. Huko kwenu mnafuga kila kitu. Nitawadhe kwa maji yaliyopita humo?"

Kumbe. Kila alfajiri ndoo huvuruga tope, pampu hulivuta, pipa huziba.

Ngozi ni ya ng'ombe, lakini Tarsis haapi. "Kiapo changu ungekipima kwa mizani gani, mama?" Anaitoa ngozi, anamwomba alete anayoiamini yeye. Shaibu anatumwa kwa mshona makubazi wa karibu na msikiti, anarudi na kipande. Tarsis anakikata pale pale, Bi Nunu hapepesi macho.

Fundi anamtaka radhi Shaibu kwa alivyomdhania. Shaibu, ambaye hakujua kwamba alishukiwa, sasa ndiyo ananuna.

Pipa linaoshwa, ndoo haishuki tena kisimani, na Ijumaa maji yanatoka meupe. Bi Nunu anapiga pampu, anatawadha mbele ya majirani. Mmoja wao haulizi habari ya maji. Anauliza ngozi imetoka wapi. Akishajibiwa, anamwita fundi kwake.

Tarsis anatamani kuwa na meza yake mwenyewe ya ufundi Gerezani, na njia ya kufika huko ameshaiona.

"Ngozi nimeacha kubeba," anasema. "Kila mwenye nyumba ataleta yake. Mimi nitakuja na spana. Spana hazina dini."