Bibi Aliyeingia na Sindano Chumba cha Sumaku

Usiku ule nililala chini ya kitanda, si juu yake. Naomba nieleze kabla hujanicheka. Kesho yake nilitakiwa hospitali kupigwa picha ya ubongo kwa ile mashine kubwa ya sumaku. Mara ya kwanza nilikuwa nimejikuna pua, picha ikatoka na ukungu, wakarudia. Msichana wa miaka kumi na saba nimefeli kulala. Nikaapa kwamba haitatokea tena, nikawa nafanya mazoezi chini ya kitanda, mikono ubavuni, simu ikihesabu dakika ishirini.

Nina sonona. Dawa za aina mbili zilijaribiwa zikashindwa, ndipo daktari akapendekeza matibabu ya kuuchochea ubongo kwa sumaku. Kwa wiki nne, kila asubuhi, nesi alinipima kichwa, akanivalisha kofia ya kitambaa yenye alama za kalamu, akaweka kifaa upande wa kushoto wa paji, kikanidonoa kama kuku aliyeona punje. Nilijisomea kila nilichokipata kuhusu mambo hayo, kamusi pembeni, hadi nesi akaanza kuniita Dokta. Picha ya kesho ilikuwa ya mwisho. Baada yake daktari angeamua: amepona, tumalize, au bado, tubadilishe.

Usingizi ulinipitia dakika ya kumi na moja. Najua, kwa sababu nilikuwa nahesabu.

Chaga za kitanda zilizokuwa juu ya uso wangu zikawa nyeupe, zikajikunja, na nikawa ndani ya mashine. Inagonga kama kawaida yake, ko, ko, ko. Mimi sijikuni. Najisifu kimoyomoyo. Halafu nasikia kandambili zinaburuzwa sakafuni, na kandambili hizo nazijua. Ni za Bibi Mwanaisha, mama yake mama, aliyetutoka mwaka juzi. Alikuwa fundi wa kofia za viua, zile zenye vitundu vilivyodariziwa, alizishona kwa mkono maisha yake yote. Futi ya kupimia imening'inia shingoni, na mkononi kashika kopo la maziwa alilowekea sindano.

Sindano, kwenye chumba cha sumaku. Nilitaka kupiga kelele, lakini ningetikisika. Nikamwambia kwa meno yaliyofungwa kwamba chuma hakiruhusiwi humu, kuna bango mlangoni. Sindano zilikuwa zimeshatoka koponi, zimesimama hewani zote zikinielekea, kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Bibi akaziambia zitulie. Zikarudi koponi.

"Mke mwenzangu," akasema. Ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, kwa utani wa bibi na mjukuu, eti nimemnyang'anya mume. "Umesukumwa humo kama mkate. Wanakuoka?"

Nikamweleza kuwa wanapiga picha ya ubongo. Akataka kuiona. Basi tuko chumba cha pili, sijui tumepitaje, na ubongo wangu uko kwenye skrini, wa kijivu. Bibi anausogelea kama alivyokuwa akikagua kazi za wanafunzi wake, anafuata mikunjo kwa kidole. Akasema aliyeshona hapa hakuwa na haraka. Nikamuuliza umekuwa wa ngapi kwa uzuri. Yeye akaendelea kutafuta kwa kidole.

"Huzuni iko wapi hapa?"

Nikamwambia daktari alishanionya. Picha inawasaidia kujua pa kuweka kifaa, lakini huzuni yenyewe haionekani.

"Sasa wanaipimaje?"

Nikasema wananiuliza. Kuna fomu kila Ijumaa.

"Na wewe umewajibu nini?"

Mashine ikanyamaza.

Fomu ina maswali tisa, na alama zikiwa nyingi ndipo hali ni mbaya. Ijumaa ya kwanza nilijibu kweli, nikapata matokeo mabaya kuliko yote niliyowahi kupata. Sikuweza kuvumilia. Ijumaa ya pili nikajirekebisha. Nilijitengenezea hata ratiba ya kupona, alama tatu kila wiki, nisishuke ghafla wakashuku. Daktari alifurahi. Nesi alipiga makofi. Nyumbani nilishinda nimegeukia ukuta, sijaoga siku tatu, na mama akidhani ni uchovu wa safari za hospitali.

Bibi hakunikaripia. Tuko barazani kwake, nimekaa kwenye kile kigoda cha wateja, ananikumbusha habari za bwana harusi aliyetuma kipimo cha kichwa kwa mdomo. Kwa kuwa marafiki walimwita Boga kwa ukubwa wa kichwa, kwa aibu alipunguza inchi mbili. Bibi akashona miezi mitatu. Siku ya harusi kofia ilikaa juu kama kifuniko cha birika, na alipoinama kumwamkia mkwewe ikatumbukia kwenye sharubati. Tangu hapo Bibi hakupokea kipimo cha kuambiwa. Hata imamu alikaa kigodani. Kisa hicho nimekicheka mara mia. Safari hii futi inazunguka kichwa changu.

"Kofia ile niliishona vizuri," akasema. "Ila niliishonea kichwa kisichokuwepo. Na hawa wiki nne wanamtibu msichana asiyekuwepo. Kawape kichwa chako, mke mwenzangu."

Futi ikabana. Nikainuka kwa ghafla, nikajigonga kwenye chaga.

Mama alikisikia kishindo. Aliingia, akawasha taa, akapapasa kitandani, hakunikuta, akaanza kuita jina langu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikasema niko huku chini. Akapiga magoti, akainamisha kichwa, tukatazamana.

"Mama, zile fomu nilizijaza uongo. Sijapona."

Nilingoja kugombezwa. Badala yake akajaribu kuingia chini ya kitanda, akakwama kiunoni, akabaki hivyo, nusu ndani nusu nje. Akauliza kama maswali nayakumbuka. Nilikuwa nayajua yote kwa moyo, bila shaka.

"Haya," akasema. "La kwanza linasemaje?"

Nikamwambia swali, kisha jibu la kweli. Hakupiga makofi. Akaomba la pili. Aliandika yeye, kwa penseli, nyuma ya bahasha, karatasi ikiwa juu ya sakafu, na tulipofika la tisa, lile la mawazo ya kufa, alinishika mkono kwanza, ndipo akaandika.

Asubuhi, kabla hatujatoka kwenda hospitali, niliiona ile bahasha: imekunjamana, mistari imepinda, alama ni mbaya kuliko zote. Nikaomba niinakili upya kwa mwandiko safi. Mama akaitia kwenye mkoba, akavuta zipu.