Mtaro Usioziba

Majirani walimwita Bibi Chupa. Kila asubuhi aliokota chupa za plastiki mtaroni, huku akiwalaani waliozitupa, akatenga vifuniko na kuziuza kiwandani zikayeyushwe upya.

Zamani mtaro ukiziba, maji yaliingia majumbani, na watu walikimbilia chumba chake kilichoinuka, na watoto na masufuria yao. Walibanana humo, wakigombana na kucheka, mpaka mvua ikatike. Kwa pesa za chupa alinunua vikombe kumi na viwili, wageni wasinywe chai kwa zamu.

Sasa mtaro hauzibi. “Bibi, umetuokoa,” humwambia wakipita dirishani. Asante ya dirishani haikalii kiti.

Jana mvua ilipoanza alibandika birika kubwa, akapanga vikombe vyote, akakaa kusikiliza maji yakienda zake.