Makopa Kwenye Kiwanja cha Ndege

Harufu ya makopa ya muhogo yanayoanza kukauka, ule uchachu unaokwama puani, hunirudisha kijijini kwetu Kiwangwa hata nikiwa sokoni na haraka zangu. Mwaka ule mvua zilitusumbua, na muhogo usipokauka upesi huota ukungu. Ardhi ngumu, safi, yenye jua kutwa, ilikuwa moja tu: kiwanja cha changarawe ambapo wanafunzi wa urubani walijifunza kutua. Kuanika pale kulikatazwa, ukikamatwa, polisi. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa, tukaanika. Kindege kilizoea kuzunguka mara moja juu kabla ya kutua, na mzunguko huo ulitutosha kukunja mikeka na kukimbia.

Siku moja upepo uligeuka. Kindege kilitokea upande wa mikorosho, chini kabisa, bila kuzunguka. Mama alikuwa ameinama katikati ya kiwanja akigeuza makopa. Rubani alimwona mama, nina hakika, maana kindege kilipinda ghafla, bawa likakwaruza chini, kikabinuka na kulala kifudifudi vichakani. Wanaume walimtoa rubani, kijana mwanafunzi, mkono umevunjika, uso umejaa damu. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Yule mama mzima?" Wakamlaza kivulini. Wanawake nao, bila kuambizana, walizoa makopa yote na mikeka yake, wakafagia.

Alasiri mkubwa wa yule rubani alifika kwa gari. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akachuchumaa mbele yangu.

"Binti, huyu anasema alimkwepa mama mmoja. Watu wazima wote wamekana. Wewe ulimwona?"

Kijana aliinua kichwa, akanitazama. Mama alisimama nyuma yangu, kiganja chake begani mwangu kimelowa jasho.

"Hakukuwa na mtu, mzee," nikasema.

Kijana akafumba macho.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, akanilelea wanangu. Siku hizi makopa huanikwa juu ya maturubai uani, na kiwanja kile ni shamba la mananasi. Watu wa kule bado husimulia habari za mwanafunzi asiyejua kurusha ndege, aliyeanguka kisha akasingizia mama wa watu, nao hucheka sana. Naona haya, lakini sijawahi kuwakatiza. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka arobaini sasa, na aliyeitwa mwongo ni yeye.